Dadu Ndiyo Iliyoibeba Baldur's Gate 3

Kuna maelezo ya ushindi wa Baldur's Gate 3 ambayo wapenzi wa gemu wameyakubali kiasi kwamba hakuna anayejisumbua kuyahoji. Gemu hiyo ilitoka kwenye kompyuta tarehe 3 Agosti 2023, na kabla ya katikati ya mwaka uliofuata ilikuwa imezoa tuzo kuu za Golden Joystick, The Game Awards, D.I.C.E., GDC na BAFTA. Ukiuliza imewezaje, utajibiwa upesi: ni nyuso za wahusika zinazocheza hadi kope, ni sauti ya Neil Newbon ndani ya Astarion, yule mnyonya damu mwenye maringo, ni mapenzi ya kambini, na ni mfuko mnene wa Larian, studio ya Ubelgiji yenye makao mjini Ghent. Mpaka hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu uko kwenye mkia wa jibu: eti vyote hivyo vilishinda licha ya kanuni za mezani. Dadu yenye nyuso ishirini, zamu za kusubiriana, uchawi unaokwisha mpaka ulale usiku, vinahesabiwa kuwa kiingilio ambacho mchezaji hulipa kwa kinyongo ili aupate utamu ulio ndani. Wengine wanakwenda mbali zaidi na kuwashauri watakaotengeneza gemu ijayo ya jina hilo waifiche dadu, mapigano yaende mbio, na hesabu zibaki ndani ya injini huko ambako hakuna azionaye.

Ushauri huo ukifuatwa, gemu ijayo itakuwa na nyuso nzuri zisizo na chochote nyuma yake.

Tuanze na zinakotoka kanuni zenyewe, maana wengi wanazilaumu bila kuwahi kuziona nyumbani kwao. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson, Wamarekani wawili waliopenda michezo ya vita vya mezani, walitoa Dungeons & Dragons. Watu kadhaa wanakaa mezani, kila mmoja na karatasi ya mhusika wake. Mmoja wao ni msimamizi, anayeieleza dunia na kuwachezea maadui wote. Ukitaka kufanya jambo lenye shaka, iwe kuruka korongo, kumdanganya mlinzi au kulipiga zimwi upanga, unarusha dadu, unajumlisha nyongeza za mhusika wako, na jumla inapimwa kwa kizingiti alichokiweka msimamizi. Ukikifikia, umefaulu. Baldur's Gate 3 imejengwa juu ya toleo la tano la kanuni hizo, lililotoka mwaka 2014, na ile ya kwanza na ya pili zilijengwa juu ya toleo la pili, la mwaka 1989. Yaani hakuna Baldur's Gate iliyowahi kuwa na baba mwingine.

Sasa tutazame dadu ikifanya kazi. Mhusika wako ana haiba ya 16, inayompa nyongeza ya 3. Amejifunza kushawishi watu, anapata 2 zaidi. Mbele yake yuko mlinzi asiyetaka kufungua lango, na kizingiti ni 15. Maana yake dadu lazima itue kwenye 10 au zaidi, uwezekano wa asilimia 55. Ukiingia hivyo kichwakichwa umecheza bahati nasibu, na ukishindwa huna wa kumlaumu. Lakini kasisi wa kundi lako anaweza kukuombea dua ndogo iitwayo Guidance, ambayo inaongeza dadu ya nyuso nne juu ya ile kubwa. Hapo umefika asilimia 67 na nusu. Ukitafuta pia uchawi unaokuruhusu kurusha dadu kubwa mbili na kuchukua iliyo bora, unafika karibu 89. Na ukizembea ukamwachia Lae'zel azungumze, yule mpiganaji ambaye haiba yake ni 8 na hajui kubembeleza mtu, uwezekano unaanguka hadi 25. Mlinzi ni yule yule, lango ni lile lile. Kilichotofautisha 25 na 89 ni nani umemtanguliza, umemwandaaje, na umebakiza nini kwenye akiba yako.

Kizuri ni kwamba yote hayo yanafanyika mbele ya macho yako. Kizingiti kinakaa juu, dadu katikati, na chini yake zimepangwa nyongeza ulizonazo na zile unazoweza kuongeza. Unabonyeza, dadu inaviringika, inatua kwenye 9. Moyo unashuka. Kisha nyongeza zinaruka moja moja kuingia kwenye ile namba: 3 inaingia, 2 inaingia, mwishoni dadu ndogo ya Guidance inaleta 1. Kumi na tano. Umepenya kwenye tundu la sindano, na unajua hasa ni nani aliyekupenyeza: ni ile dua ya sekunde chache uliyotaka kuiruka kwa uvivu. Ifiche hesabu hii ndani ya injini, na kitakachobaki ni mlinzi anayefungua lango bila wewe kujua kwa nini.

Wapinzani wa dadu hupenda kusema mchezo wa akili hauna bahati, na mtu wa pwani anaweza kuwapa bao liwe shahidi wao. Kete zote ziko wazi, hakuna kilichofichwa, anayefungwa amezidiwa tu. Ni kweli. Lakini kwenye baraza hiyo hiyo utawakuta wacheza karata, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema fundi wa karata ni mwenye bahati tu. Bahati inamgawia mkono, yeye anajua la kufanya na mkono mbaya. Anaficha, anasubiri, anatoa ndogo ili aokoe kubwa. Ufundi wa Baldur's Gate 3 ni wa aina hiyo. Anayetaka ufundi wa bao ana gemu nyingine nyingi nzuri za kucheza, na hakuna sababu ya kuigeuza hii iwe hizo.

Watunga kanuni za toleo la tano walilifikiria jambo hili, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo mjadala mzima unapoamuliwa. Kwenye toleo la tatu, la mwaka 2000, nyongeza ya mpiganaji ilipanda kwa 1 kila alipopanda ngazi. Akifika ngazi ya 15 amebeba 15 tayari, kabla hujahesabu nguvu zake wala upanga wake wa kichawi, na kinga za maadui ilibidi zipande vivyo hivyo. Namba zikawa kubwa mno, na dadu ya nyuso ishirini ikawa haina la kusema: mara unapiga bila shaka, mara hupigi kabisa. Toleo la tano likakata mzizi huo. Nyongeza ya ujuzi inaanza na 2, na hata ukifika ngazi ya 20 haivuki 6. Kwenye Baldur's Gate 3, inayoishia ngazi ya 12, inafika 4. Ndiyo maana gobilini wa saa ya kwanza bado anaweza kukuumiza saa ya hamsini ukimdharau, na ndiyo maana dua ya Guidance, isiyozidi nyongeza ya 4, ina thamani mwanzo hadi mwisho. Larian hawakuibuni hali hiyo. Waliikuta imeshapikwa mezani, imeshajaribiwa kwa miaka karibu kumi na watu wasiohesabika, wakaipakua.

Hata pale gemu inapokoma pameamuliwa na kitabu. Ngazi ya 13 ndiyo inayofungua uchawi wa daraja la saba, na uchawi huo ni wa kuhamisha watu kutoka ulimwengu mmoja kwenda mwingine na kupindua mambo ambayo mwandishi wa hadithi hawezi kuyakadiria yote. Kuishia ngazi ya 12 kulilalamikiwa sana. Mimi naona ni uamuzi wa mtu aliyesoma kanuni akazielewa, badala ya kuziparaza juu juu kwa ajili ya jina.

Liko kundi la pili ambalo linaisema gemu hii vibaya kwa sababu inayoelekea kuwa kinyume, nalo ni la wazee wa Baldur's Gate II ya mwaka 2000. Hawa wanasema gemu mpya si mrithi halali, kwa kuwa zile za zamani hazikuwa za zamu: mapigano yalikwenda mfululizo, na mchezaji akitaka kufikiri alibonyeza kitufe cha nafasi ili kila kitu kisimame. Kwao zamu za Larian ni kitu kilicholetwa kutoka kwenye Divinity: Original Sin II, gemu yao ya mwaka 2017, na kupachikwa jina kubwa.

Wazee wangu nawaheshimu, lakini kumbukumbu yao inawachezea. Injini ya Infinity, iliyoendesha Baldur's Gate mbili za kwanza, ilianzia kwenye jaribio la gemu ya vita lililoitwa Battleground Infinity, enzi ambazo gemu za vita vya mfululizo kama Warcraft II ndizo zilizokuwa zikitamba. BioWare, studio ya Edmonton nchini Kanada, ilipopewa kibali cha Dungeons & Dragons, ilibidi iingize kanuni za zamu ndani ya injini ya mbio. Ikafanyaje? Ikakata muda katika vipande vya sekunde sita, kila kipande zamu moja, na ndani ya kipande hicho dadu ikarushwa kimyakimya. Ukisoma maandishi madogo yaliyokuwa yakipanda chini ya kioo, yalikuwa ni dadu tupu: umerusha ngapi, umeongezewa ngapi, umepiga au umekosa. Kulikuwa na namba iitwayo THAC0, ambayo vijana wa leo wana bahati hawakuijua. Hiyo ndiyo dadu unayotakiwa kufikisha ili umpige mtu mwenye kinga ya 0, na kinga yenyewe ilikuwa bora kadiri inavyoshuka. Ukiwa na THAC0 ya 12, adui mwenye kinga ya 3 unamhitaji kwa 9, na mwenye kinga ya 2 chini ya sifuri unamhitaji kwa 14. Ilikuwa hesabu ya kinyumenyume, iliyofichwa, na mchezaji aliyeielewa alikuwa mbali sana mbele ya yule asiyeielewa.

Tena gemu hiyo hiyo ilikuwa na mpangilio wa kujisimamisha yenyewe kila zamu inapokwisha. Watengenezaji walijua kwamba chini ya mbio kulikuwa na zamu, na kwamba mtu anayetaka kupambana na mchawi mkubwa bila kuangamia atazihitaji. Waliopigana na Kangaxx, yule mfu mchawi aliyefichwa chini ya mji wa Athkatla, wanajua walivyokuwa wakibonyeza kile kitufe kila baada ya pumzi. Walikuwa wakicheza kwa zamu, ila kwa taabu. Larian wameiondoa taabu hiyo, wameiweka zamu mbele ya macho, na wameirudisha gemu mezani ilikotoka. Kama kuna mrithi aliyefanana na babu kuliko alivyofanana na baba, ni huyu.

Wala si Larian peke yao walioona hivyo. Pillars of Eternity II: Deadfire ilitoka mwaka 2018 ikiwa ya mbio na kusimama, kwa heshima ya Baldur's Gate ya zamani, mwaka uliofuata studio ya Obsidian ikaiongezea namna ya kucheza kwa zamu. Pathfinder: Kingmaker ikafanya hivyo hivyo mwaka 2020, na iliyoifuata, Wrath of the Righteous ya 2021, ikatoka nayo tangu siku ya kwanza. Studio moja ikirudi nyuma unaweza kusema ni kupenda mambo ya kale. Zikirudi tatu zinazoshindana, kuna kitu zimekigundua.

Hoja ya fedha ndiyo inayotolewa kwa kujiamini zaidi, basi na tuijibu kwa majina. Mwaka 2015 ilitoka gemu iitwayo Sword Coast Legends, ya studio ya n-Space ya Marekani. Ilikuwa na kibali kile kile cha Dungeons & Dragons, toleo lile lile la tano, pwani ile ile ya kubuni ambamo mji wa Baldur's Gate umo, na iliongozwa na mtu aliyewahi kuongoza Dragon Age: Origins. Wakaamua kufanya kile kinachoshauriwa leo. Dadu ikazikwa. Nafasi za uchawi zilizokwisha hadi ulale zikatolewa, na badala yake kila uchawi ukawa unarudi wenyewe baada ya kusubiri kidogo, kama kwenye gemu yoyote ya mtandaoni ya wakati ule. Mchawi akawa mpiga mishale mwenye rangi zaidi. Gemu haikupendwa, na Machi 2016 n-Space ikafunga milango. Mwaka 2021 ikaja Dungeons & Dragons: Dark Alliance, iliyotupa kanuni kabisa ikabaki na panga na mateke, nayo ikapokelewa kwa baridi.

Mwaka huo huo wa 2021 studio ndogo ya Paris, Tactical Adventures, ilitoa Solasta: Crown of the Magister. Haikuwa na fedha za Larian wala za wale wengine wawili. Nyuso za wahusika wake, tuseme ukweli, zinafanana na vinyago, na hadithi yake ni ya kawaida. Lakini ilizifuata kanuni za toleo la tano karibu neno kwa neno: mwanga na giza vinahesabiwa, urefu unahesabiwa, mkono ulioshika mwenge hauwezi kushika ngao. Ikapata wapenzi wanaoisifia mapigano yake mpaka leo. Ukiziweka gemu hizi mezani pamoja, unaona kwamba kanuni bila nyuso zimeweza kusimama, na jina bila kanuni limeanguka mara mbili. Hao wanaosema fedha ndizo zilizoshinda wanisaidie pia kueleza Dragon Age: The Veilguard ya mwaka 2024. BioWare, waliokuwa mabingwa wa aina hii ya gemu, walikuwa wamezikimbia kanuni za mezani hatua kwa hatua tangu Dragon Age II ya 2011, na safari hii walifika kwenye mapigano ya vidole vyepesi kabisa. Fedha zilikuwepo, nyuso zilikuwepo, na Januari 2025 kampuni mama, EA, ikatangaza kwamba wachezaji walikuwa karibu nusu tu ya matarajio. Gemu hiyo ilikuwa na matatizo mengine mengi, kwa hiyo sidai kukosa dadu ndiko kulikoiangusha. Nadai tu kwamba mfuko mnene haujitoshelezi.

Ushahidi mzito zaidi uko ndani ya historia ya Baldur's Gate 3 yenyewe. Larian waliiachia sehemu yake ya kwanza tarehe 6 Oktoba 2020, na kwa karibu miaka mitatu watu waliicheza ikiwa bado inapikwa. Mwanzoni ilikuwa na harufu kali ya Divinity. Moto, mafuta na tindikali vilitapakaa ardhini kila mtu alipotupa uchawi mdogo. Aliyesimama juu ya jiwe alipewa fursa ya kurusha dadu mbili kwa kila pigo, kiasi kwamba mapigano yaligeuka mbio za kupanda ngazi. Wachezaji wakapiga kelele. Walidai nini? Walidai kanuni za kitabu. Larian wakasikia: uchawi mdogo ukaacha kumwaga moto chini, na kusimama juu kukawa nyongeza ya 2 tu. Majibu ya papo kwa papo, yale ya kumzuia adui katikati ya zamu yake, yakaacha kujiendesha yenyewe, na gemu ikaanza kukuuliza kama unataka kuyatumia, kama msimamizi wa mezani anavyouliza. Kila hatua ya kuelekea kitabuni iliiboresha. Hivi ndivyo unavyofanya na mzigo, kweli? Unaombwa uuongeze?

Hawakukifuata kitabu kama kasuku, na hapo pia nawasifu, ila kwa sehemu. Kumsukuma adui kumefanywa kitendo cha haraka badala ya kuchukua nafasi ya pigo, na aliyewahi kumrusha gobilini kutoka kwenye paa hatataka kurudi kwenye kanuni ya zamani. Uamuzi mwingine naupinga. Kwa kitabu, dadu ikitua kwenye 1 unapopiga upanga umekosa moja kwa moja, lakini kanuni hiyo haihusu ujuzi kama kufungua kufuli au kushawishi. Larian wameieneza kote, kwa hiyo hata mwizi aliyebobea anashindwa kufuli la mtoto mara moja katika ishirini. Inachekesha mara ya kwanza. Mara ya tano inaudhi, na wenye kuichukia dadu wanapata pa kushikia.

Kushindwa kwenyewe, hata hivyo, ndiko kunakoipa gemu hii uti wa mgongo. Kwenye msitu wa druidi, mapema kabisa, yumo mtoto wa wakimbizi aitwaye Arabella. Ameiba sanamu takatifu, na Kagha, aliyeshika uongozi, amemwekea nyoka mbele ya miguu yake. Wazazi wake wako nje wamezuiwa mlangoni. Unazungumza na Kagha. Dadu ikikukataa, nyoka anaruka, na mtoto anaanguka hapo hapo sakafuni. Hakuna maandishi yanayokuambia ujaribu tena. Gemu inaendelea, na wewe unatoka kwenda kukutana na nyuso za wazazi. Linganisha na mtindo uliosambazwa na Mass Effect, ambao ukiwa na alama za kutosha unaona kauli ya buluu au nyekundu, unaibonyeza, na mambo yanakaa sawa; ukiwa huna, kauli imefifia. Kule hujawahi kujaribu ukashindwa. Umeruhusiwa au hukuruhusiwa, basi. Mwandishi wa hadithi anayejua kwamba dadu ipo analazimika kuandika njia mbili, na njia ya kushindwa lazima iwe na uhai wake, kwa sababu watu wengi watapita humo bila kupenda. Zile sifa za uandishi wa Baldur's Gate 3 zinazotenganishwa na kanuni zimezaliwa na kanuni.

Nitaambiwa watu hawakubali kushindwa: wanasevu kabla ya kila mazungumzo na kurudi nyuma mpaka dadu iwape wanachotaka. Wapo, tena wengi, na gemu inawaruhusu. Lakini mwishoni mwa Novemba 2023 Larian waliongeza namna ya kucheza iitwayo Honour Mode. Humo una sevu moja tu, hurudi nyuma, na kundi lako likiangamia lote, safari imekwisha. Maadui wakubwa wameongezewa makali. Watu waliikimbilia, na wamejaza mtandao kwa video za vifo vyao. Na atakayeimaliza anapewa nini? Si upanga, si farasi, si pesa. Anapewa ngozi mpya ya dadu, dadu ya dhahabu. Ningependa mtu anieleze kwa nini zawadi ya juu kabisa ya gemu iwe ni picha ya kitu ambacho wachezaji wanakichukia.

Inabaki hoja moja yenye nguvu, na wapinzani huitumia vibaya. Ukiinunua gemu leo, kwenye mipangilio utakuta kitu kiitwacho Karmic Dice, na kimewashwa tayari. Kazi yake ni kuizuia dadu isikuangushe mfululizo. Kinakunja bahati kidogo ili usikate tamaa. Basi, wanasema, hata Larian hawaiamini dadu yao. Jibu langu ni kwamba Larian walikuwa na hofu, na hofu hiyo haikuwa na msingi. Ni kweli binadamu hatuhisi uwezekano vizuri: ukimwambia mtu ana asilimia 90 akakosa mara mbili, ataapa kwamba kompyuta inamwibia, ingawa jambo hilo hutokea mara moja katika mia. Lakini dawa ya kutojua hesabu si kuichakachua hesabu. Dadu iliyokunjwa inamfundisha mchezaji kwamba kujiandaa hakuna maana, kwa kuwa akizembea mara kadhaa ataokolewa. Mipangilio hiyo ingetakiwa izimwe tangu mwanzo, na anayeitaka aiwashe.

Mwaka 2024 Larian walisema hawatatengeneza Baldur's Gate ya nne, na kibali kiko mikononi mwa Wizards of the Coast, kampuni tanzu ya Hasbro. Wao ndio wataamua nani anafuata, na kwenye vikao vyao ushauri wa kuificha dadu utatolewa tena, na watu waliovaa vizuri na wenye chati. Wewe unayecheza una sauti yako pia, kwa sababu ni kelele za wachezaji zilizoirudisha gemu kitabuni kati ya 2020 na 2023. Kwa hiyo, kabla hujakubali kwamba dadu ni mzigo, fungua mipangilio, zima Karmic Dice, na umalize sehemu ya kwanza nzima bila kurudi kwenye sevu hata dadu ikikuudhi. Kisha njoo tubishane.